Vyombo vikubwa vilivyochakaa vitungiwe utaratibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulipita njiani kila siku bila kuligeukia. Nazungumzia vyombo vikubwa vya nyumbani na vya biashara vilivyokwisha kazi: makochi yaliyochanika, magodoro, vitanda vilivyovunjika, majokofu, televisheni, betri za umeme wa jua na mapipa. Takataka ndogo ndogo tumekwisha kuzitungia sheria. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kila mwananchi analijua hilo hadi kijijini. Lakini mtu akiwa na jokofu lililokufa, hakuna anayemwambia alipeleke wapi, siku gani, wala kwa gharama ya nani. Matokeo yake hulitoa usiku, asubuhi likakutwa njiani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Rwamgasa, Mkoa wa Geita. Nimesukumwa kuandika barua hii na tukio nililolishuhudia mwenyewe, nami nitalieleza kwa ufupi ili wasomaji wasidhani kwamba nalalamikia uchafu tu.

Nyuma ya maduka, kwenye njia wanayopita watoto wa madarasa ya chini, palikuwa na jokofu la kulaza, la aina ile ya kuwekea soda na bia, lenye mfuniko juu. Mwenye biashara alilitoa nje lilipoharibika. Kwanza likawa kiti cha vijana wa bodaboda. Halafu watu wakang'oa mota na nyaya za shaba. Likabaki sanduku tupu. Siku moja baada ya masomo watoto walikuwa wakicheza kombolela, na mtoto mmoja wa darasa la pili akaona kwamba mahali pazuri kuliko pote pa kujificha ni mle ndani. Akaingia, akavuta mfuniko. Kitasa chake, ingawa kilikuwa kibovu, kikanasa.

Wenzake walimtafuta, wakamkosa, na kama ilivyo kawaida ya watoto wakadhani amekwenda zake nyumbani. Aliyemwokoa ni msichana wa darasa la nne aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, akasikia kitu kinagonga kama panya ndani ya debe. Alitua ndoo akaita watu. Mtoto alitolewa amelowa jasho mwili mzima, macho yamemtoka, hawezi kusema neno. Namshukuru Mungu kwamba yu hai, tena ni mwanafunzi wangu. Ila mpaka leo hataki mlango wa darasa ufungwe, hata mvua ikinyesha.

Jioni ile nilimwendea aliyekuwa mwenye jokofu. Hakuwa mkali, alisikitika sana. Lakini jibu lake ndilo lililonitia kalamu mkononi. Alisema, "Mwalimu, mimi lile nililitupa zamani. Si langu tena." Nikamwendea kiongozi mmoja wa mahali petu, naye akasema, "Nimtoze faini nani, Mwalimu? Halina mwenyewe."

Ndugu Mhariri, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Tumekubaliana, bila kuandika popote, kwamba mtu akishakitoa chombo chake nje ya mlango, umiliki wake umekwisha na wajibu wake umekwisha. Ng'ombe wako akila mahindi ya jirani, kesho asubuhi utaitwa mbele ya wazee, hata kama ulikuwa umelala. Lakini jokofu lako likimfunga mtoto wa jirani, utasema si lako. Mimi nasema hapana. Chombo kikubwa kina mwenyewe mpaka siku kitakapopokelewa mahali panapostahili na mtu anayestahili. Utaratibu wowote tutakaoutunga, mjini au kijijini, uanzie hapo.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mijini na kwamba kijijini hakuna kinachotupwa. Hilo lilikuwa kweli zamani. Kitanda cha miti na kamba kikivunjika, miti yake ilikuwa kuni na kamba yake ilifungia mbuzi. Kigoda kilirithiwa. Sufuria iliyotoboka ilipelekwa kwa fundi ikazibwa, na ikitoboka tena ilikuwa chombo cha kunyweshea kuku. Siku hizi vyombo vyetu ni vya namna nyingine. Kochi ni mbao laini za kubandika, sponji na kitambaa cha plastiki, na likipata maji mara moja halitengenezeki. Majokofu na televisheni vingi hutufikia vikiwa vya mtumba, vimekwisha kutumika miaka mingi huko vilikotoka, sisi tunanunua miaka yao ya mwisho.

Tena hapa kwetu kuna jambo la pekee, nalo ni dhahabu. Anayeishi katika maeneo ya machimbo ya Geita na Shinyanga anajua ninachosema. Mawe yakitoa vizuri, kijana hununua kochi, televisheni na jokofu katika wiki moja. Ikisikika kwamba dhahabu imeonekana mahali pengine, kile ambacho wachimbaji hukiita rashi, watu huhama kwa siku chache, na pikipiki haibebi kochi. Vyombo hubaki katika vibanda, vibanda huanguka, na kilichobaki huwa mali ya mvua na watoto.

Isitoshe, katika machimbo mpaka kati ya chombo cha kazi na chombo cha nyumbani ni mwembamba sana. Karai lililotumiwa kwenye mwalo kushikia dhahabu kwa zebaki linaweza kuonekana baadaye nyumbani limebeba unga. Pipa lililoletwa na sayanaidi kwa ajili ya kusafishia marudio, likimwagwa na kusuuzwa, huonekana pipa zuri la chuma lenye mfuniko, na mtu asiyejua kusoma maandishi yake ya kigeni atalinunua kwa ajili ya kuhifadhia maji ya kunywa. Rwamgasa si mahali pasipojulikana katika habari hizi. Kati ya mwaka 2002 na 2007 Umoja wa Mataifa uliendesha mradi wa kupunguza zebaki katika uchimbaji mdogo kwenye nchi sita, zikiwamo Brazil, Indonesia na Zimbabwe, na kwa upande wa Tanzania kijiji chetu kilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata unaohusu zebaki. Basi tumefundishwa kuogopa zebaki inapochomwa na kutoa moshi. Hatujafundishwa vya kutosha kuliogopa karai lenyewe linapostaafu.

Kwa upande wa mijini nako mambo si mazuri. Wakati wa likizo moja nilimtembelea shemeji yangu katika jiji moja ambalo sitalitaja jina. Yeye analipa ada ya taka kila mwezi na stakabadhi zake anazitunza ndani ya Biblia. Alikuwa na kochi la watu watatu lililoliwa na panya, na godoro moja lililolowa. Gari la taka lilipofika, shemeji na mimi tukabeba kochi hadi barabarani. Vijana wa gari wakatucheka. Wakasema ada ile ni ya viroba, si ya makochi, na kama tunataka kochi lipande garini basi tuwaone pembeni. Shemeji akakataa kuwaona pembeni, kwani ni mtu mwenye msimamo. Kochi likarudi uani.

Baada ya siku tatu alikuja kijana mwenye mkokoteni akasema kwa shilingi elfu tano atalipeleka "mbali". Shemeji akalipa. Mimi kwa udadisi wa kiualimu nikamfuata yule kijana kwa mbali. Alikwenda hatua zisizofika mia tatu, akalitumbukiza kochi katika korongo la maji ya mvua, pamoja na makochi mengine ya watu wengine wenye msimamo kama shemeji. Godoro walilichoma watoto wa mtaa jioni ile. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, ukaingia katika nyumba zote za upande ule. Wasomaji wajue kwamba sponji ya godoro ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na miongoni mwa sumu hizo imo ya jamii ileile ya sayanaidi inayotumika kusafishia dhahabu.

Sasa nauliza: katika habari hii mkosaji ni nani? Shemeji alilipa ada, akafuata gari, akakataa kutoa rushwa, mwisho akalipa mara ya pili. Kijana wa mkokoteni alifanya kazi aliyopewa, maana hakuna aliyemwambia "mbali" ni wapi. Ukiwatoza faini wote wawili hutakuwa umeliondoa kochi hata moja katika korongo. Kosa ni kwamba utaratibu haupo, au kama upo umefungiwa kabatini. Faini inamfaa mtu aliyeonyeshwa njia akaiacha.

Tusidhani kwamba kulifukuza tatizo kutoka kwetu kwenda kwa jirani ni dawa. Dar es Salaam ilikwisha kutufundisha hilo. Mwaka 1988 wananchi wa Tabata, katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake, walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililowatesa kwa moshi na harufu, na wakashinda. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani. Wananchi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, na siku hizi dampo kuu liko Pugu Kinyamwezi. Wale wananchi walikuwa na haki kabisa, na kesi zao zinasomwa na wanafunzi wa sheria mpaka leo. Lakini tuone pia kwamba taka haitoweki kwa kuhamishwa, bali hutafuta mtaa mwingine. Na kile kisichofika dampo hutafuta mtaro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu wapatao 40 katika jiji lile. Mvua ilikuwa kubwa mno na sababu zilikuwa nyingi, lakini kila mkazi wa mabondeni anajua maji hufanya nini yakikuta mtaro umezibwa na godoro.

Nchi nyingine zimefanyaje? Mjini Tokyo, nchini Japani, chombo cha nyumbani ambacho upande wake mmoja unazidi kiasi cha sentimita 30 huhesabiwa kuwa taka kubwa. Mwenyewe hutoa taarifa kwanza, akapangiwa siku, akanunua stika dukani kulingana na ukubwa wa chombo, akaibandika, ndipo anakitoa nje asubuhi ya siku ile. Televisheni, majokofu, mashine za kufulia na viyoyozi vina sheria yao tangu mwaka 2001, inayowataka wauzaji wavipokee na viwanda vivivunje kwa utaratibu, na mtumiaji achangie gharama. Mjini New York mtu hawezi kutoa godoro nje mpaka alifunge ndani ya mfuko wa plastiki, kwa ajili ya kunguni. Na huko Marekani, baada ya watoto wengi kufa kwa kukosa hewa ndani ya majokofu yaliyotupwa, mwaka 1956 ilipitishwa sheria kwamba kila jokofu jipya la nyumbani liweze kufunguliwa kutoka ndani.

Niliposoma habari hiyo ya 1956 nilinyamaza kwa muda. Wenzetu walizika watoto kwanza, ndipo wakaandika sheria. Sisi tumepewa onyo bila ya kaburi. Tusingoje kaburi.

Najua nitaambiwa, "Mwalimu, hao ni matajiri, sisi hatuna magari wala viwanda." Ni kweli. Lakini nilichokipenda kwao ni mpango wenyewe, nao hauhitaji gari la kifahari. Mwenye chombo anajulikana. Siku inajulikana. Mahali panajulikana. Mambo hayo matatu hata kijiji kinaweza kuyafanya kwa daftari moja na kalamu.

Na sheria za kutuwezesha tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu, na kanuni za taka ngumu zilitolewa mwaka 2009. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inairuhusu Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo zake, zikajadiliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Kwa hiyo hatuhitaji kusubiri mtu atoke Dodoma kuja kutuambia jokofu tuliweke wapi. Tunachohitaji ni kukaa chini, kuandika, na kupiga kura.

Kabla sijatoa mapendekezo ni haki nianze na boriti iliyo katika jicho langu. Nyuma ya madarasa ya shule nyingi za msingi kuna rundo la madawati mabovu. Mengi ni ya chuma, ya wakati wa kampeni kubwa ya madawati ya mwaka 2016. Mbao zimekwisha, vyuma vimebaki na ncha zake nje, na nyoka wamefanya makao. Hatuwezi kuyauza wala kuyatupa, kwa kuwa ni mali ya umma na mali ya umma haifutwi bila kibali. Utaratibu huo ni mzuri, kwani unazuia wizi. Lakini kibali kikichelewa miaka, rundo linakua na watoto wanachanika miguu. Siwezi kumfundisha mtoto usafi wa mazingira nikiwa nimesimama mbele ya rundo lile. Nawaomba wahusika wa halmashauri zote waweke siku moja kila mwaka ya kukagua na kufuta vyombo chakavu vya shule na zahanati.

Sasa mapendekezo yangu ni haya.

Kwanza, kila kijiji chenye senta kubwa ya biashara na kila mtaa wa mjini utenge mahali pa vyombo vikubwa vilivyochakaa. Mahali hapo pawe na uzio hata wa miti, mbali na shule, visima na mikondo ya maji, tena pawe na mlinzi anayejulikana. Pasipokuwa na mahali halali, kila mahali patakuwa mahali.

Pili, pawe na siku. Tangu sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi, wananchi wameizoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa ya usafi. Basi katika Jumamosi hizo nne kwa mwaka, moja kila miezi mitatu, zitangazwe kuwa za vyombo vikubwa. Mtu asikitoe chombo nje kabla ya asubuhi ya siku hiyo. Akiwa na haraka, akipeleke mwenyewe kule kwenye uzio.

Tatu, pawe na daftari. Mwenyekiti wa kitongoji aandike: nani ameleta nini, siku gani. Akishapokea na kutia sahihi, hapo ndipo chombo kinapoacha kuwa cha mtu na kuwa cha kijiji. Kabla ya hapo ni chako, na kikileta madhara ni madhara yako.

Nne, majokofu yote yang'olewe milango au mifuniko kabla ya kutolewa nje. Kazi hiyo ni ya bisibisi na dakika kumi. Hili lisisubiri sheria wala uzio. Namwomba kila msomaji mwenye jokofu bovu uani kwake alifanye leo hii, kabla hajalala.

Tano, magodoro, makochi na betri visichomwe moto wala kuvunjwa na watoto. Betri zina risasi na tindikali, na vioo vya televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, navyo vina risasi. Vitu hivyo viwekwe mahali pakavu mpaka vichukuliwe na wenye kibali cha kazi hiyo.

Sita, mapipa na madumu yote ya kemikali za machimbo yarudishwe kwa aliyeyauza. Yakishindikana kurudishwa, yatobolewe mbele ya kiongozi ili yasiweze tena kushika maji. Kumwuzia mama wa watu pipa la sayanaidi akahifadhie maji ni jambo la kufikishwa polisi. Hali kadhalika makarai ya zebaki yasiruhusiwe kutoka mwaloni kwenda jikoni.

Saba, wanunuzi wa chuma chakavu na mafundi waalikwe siku hizo nne waje hadharani. Wao si maadui. Fundi atachukua mbao na chemchemi za kochi, mnunuzi wa chuma atapima vyuma kwa mizani, na fedha itakayopatikana itaingia katika mfuko wa kazi hiyo. Hapo ndipo itakapopatikana gharama ya kupeleka yale yasiyonunuliwa na mtu. Wakija mchana mbele ya daftari, na wale wanaokata nyaya na kung'oa vyuma vya visima usiku watapungua.

Nane, gharama ziwe za haki. Mwenye gesti ya vyumba ishirini anayebadilisha magodoro yote kwa mara moja alipie. Mwenye baa na mwenye mtambo wa kusafisha marudio nao walipie. Bibi kikongwe mwenye kitanda kimoja kilichovunjika asitozwe hata senti. Mjini, ada ya taka anayolipa mwananchi kila mwezi ieleze wazi kwa maandishi ni vyombo vikubwa vingapi amelipiwa kwa mwaka, ili asimkute kijana wa gari akimwambia mambo ya pembeni.

Mwisho, utaratibu huo utangazwe. Ubandikwe kwenye mbao za matangazo, usomwe misikitini na makanisani, utangazwe redioni, na sisi walimu tuufundishe. Mtoto akijua, nyumba nzima imejua. Sheria iliyo kwenye faili peke yake humshtua mwananchi siku anapotozwa faini tu.

Naona tayari jibu la baadhi ya watu kwamba viongozi wana kazi nyingi, kuna maji, barabara, zahanati na vyumba vya madarasa, na kwamba makochi yanaweza kungoja. Mimi sipingi umuhimu wa mambo hayo, maana darasani kwangu wanakaa watoto wengi kuliko nafasi. Lakini maji ya kisima yakiingiliwa na betri si maji tena. Barabara ikizibwa mtaro hukatika. Na vyumba vya madarasa tunawajengea watoto hao hao ambao tukiwaacha njiani wanajificha ndani ya majokofu. Mambo haya hayagombanii zamu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jokofu lile lililonifanya niandike lilikaa pale pale siku nne baada ya tukio. Kila mtu aliogopa kuligusa, kwa kuwa si lake. Siku ya tano, mimi na wanaume watatu wa jirani, pamoja na yule aliyekuwa mwenyewe, tuling'oa mfuniko, tukalitoboa chini, tukalisukuma kwa mkokoteni hadi uani kwake. Lipo huko mpaka sasa. Anafugia kuku. Nilipompitia juzi alicheka akasema, "Mwalimu, limekuwa langu tena." Nikamwambia halikuacha kuwa lake hata siku moja.

Nawaomba viongozi wa vijiji, kata na halmashauri, hasa katika mikoa yetu ya machimbo, walifikirie jambo hili katika vikao vyao vijavyo. Nao wananchi wenzangu wasingoje vikao. Mlango wa jokofu bovu hauhitaji kikao.

Mwalimu,
Rwamgasa,
Geita.